Noti za ndege: Gambia, Trinidad au Singapore? Kwa mwenye shilingi 5,000 na kabati la Mombasa

Mpwa wangu yuko Kilindini, upande wa makontena, na mabaharia humzoea upesi. Juzi mmoja alimwachia noti ya dola 5 ya New Zealand: uso mmoja Edmund Hillary, uso wa pili pengwini mwenye ukanda wa manjano kichwani. Akaja nayo jioni, akaiweka mezani kwa adabu kama mtu aliyeleta barua ya posa.

"Mjomba, nataka za namna hii. Nina elfu tano. Nianze na nchi gani?"

Nikamwambia kaa kwanza, chai ipoe. Mimi nakusanya noti zenye ndege mwaka wa kumi na tatu huu, na swali hilo nililijibu vibaya mara ya kwanza, pesa zikaenda. Nchi zenye ndege kwenye noti ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Lakini zile ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuanza, akamaliza seti, akaiona yote mbele yake bila pengo, hazizidi vidole vya mikono miwili. Hapa nazilinganisha hizo.

Kuna jambo lilinichekesha usiku mmoja nikizipanga sakafuni. Trinidad na Tobago wana noti za dola 1, 5, 10, 20, 50 na 100. Jumla 186. Singapore, lile toleo lao la ndege, ukihesabu kuanzia 1 hadi 100: 186 vilevile. Kanada wanaanza na 2, kwa hiyo 187. Zambia pia wanaanza na 2, 187. New Zealand hawana ya 1 wala ya 2, wanafika 185. Gambia wana 25 mahali pa 20, 190. Karibu namba moja kwa wote. Igeuze sasa kuwa shilingi zetu uone kila mmoja anaelekea wapi:

| Seti | Jumla iliyoandikwa | Kwa shilingi za Kenya, kwa kukadiria | Imetengenezwa kwa |
|---|---|---|---|
| Gambia (1996) | dalasi 190 | 350 | karatasi |
| Zambia (2013) | kwacha 187 | 1,000 | karatasi |
| Trinidad na Tobago | dola 186 | 3,500 | plastiki (za sasa) |
| New Zealand (2015 na 2016) | dola 185 | 14,000 | plastiki |
| Kanada (1986) | dola 187 | 17,000 | karatasi |
| Singapore (1976 hadi 1984) | dola 186 | 18,000 | karatasi |

Hiyo ni thamani iliyoandikwa kwenye noti, si bei ya muuzaji. Kwa noti mpya kabisa isiyowahi kupita mkononi mwa mtu, ile ambayo wakusanyaji wote duniani huiandika UNC, muuzaji ataongeza chake, na posta itaongeza chake. Kwa uzoefu wangu noti ndogo za nchi maskini ndizo zinazoongezwa zaidi kwa kulinganisha, kwa sababu bahasha ya kutuma noti ya shilingi thelathini ina gharama ileile ya bahasha ya noti ya elfu kumi. Hata hivyo jedwali linakuonyesha mlango upi umefungwa kwa elfu tano na upi uko wazi.

Kabla ya ndege, kabati

Anayekusanya noti Nairobi anaogopa wezi. Sisi huku tunaogopa hewa.

Noti ya karatasi si karatasi ya daftari. Ni nyuzi za pamba zilizoshindiliwa, na pamba hunywa unyevu. Masika ikiingia, Aprili na Mei, acha noti kwenye droo ya mbao ndani ya nyumba ya Mji wa Kale, utaikuta Juni imelegea kama chapati ya jana, ina vidoa vya rangi ya chai. Kisha wapo wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotambaa kwenye vitabu. Hao hawabagui dola na risiti ya stima.

Lakini hasara yangu kubwa sikuletewa na mvua. Nilinunua albamu ya picha katika duka moja mjini, ya mifuko laini inayonuka plastiki ukiifungua, nikaipanga vizuri seti yangu ya kwanza ya Singapore. Mifuko ile ilikuwa ya PVC. Joto la kaskazi likaingia, Januari na Februari, mifuko ikaanza kutoa jasho la mafuta, na mafuta yakashikana na wino. Nilipoivuta dola 1, ile yenye buabua, sehemu ya rangi ilibaki kwenye mfuko. Nikaikalia kimya siku mbili. Mke wangu akadhani kuna msiba.

Tangu hapo natumia mifuko migumu ya poliesta au polipropilini, isiyonuka kitu. Mifuko naipanga ndani ya boksi lenye kifuniko cha kubana, nikatupia humo vile vipakiti vya chembechembe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Wenye maduka ya viatu barabara ya Biashara wananijua kwa hilo, wananiwekea.

Noti za plastiki hazina shida hiyo ya maji. Australia walizianzisha mwaka 1988, New Zealand wakahamia huko mwaka 1999, na Trinidad wakaitoa noti yao ya dola 100 kwa plastiki mwaka 2019, na sasa zote ni za plastiki. Noti ya plastiki ukiisahau mfukoni ikafuliwa, utaikuta salama. Ugonjwa wake ni mwingine: ukiikunja, mstari hautoki tena, na rangi huanza kubanduka palepale kwenye mkunjo. Na ole wako uipige pasi. Itajikunyata kama ganda la karanga lililotupwa motoni.

Ila karatasi ina kitu ambacho plastiki haijanipa hadi leo. Pitisha ukucha polepole juu ya ndege aliyechapwa kwa wino wa kuinuka, utahisi mchoro ukikwaruza. Manyoya yanafaa sana kwa kazi ya namna hiyo, maana unyoya wenyewe ni mistari. Ndiyo sababu sijaiacha karatasi, pamoja na yote iliyonifanyia.

Gambia na Zambia: bei ya chini, tabia mbili

Hapa ndipo mwenye elfu tano anapaswa kukaa zaidi, kwa hiyo nami nitakaa.

Toleo la Gambia la 1996 lina noti tano, na kila noti ina ndege wake pembeni ya sura ya mtu wa kawaida, asiye rais wala mfalme. Dalasi 5 ana mdiria mkubwa. Dalasi 10 ana kwarara, yule mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi. Dalasi 50 ana hudihudi, na 100 ana kasuku wa Senegal. Tazama hao: mdiria mkubwa yupo kwenye mito yetu, kwarara utamwona Sabaki, hudihudi utamkuta Tsavo akichokonoa ardhi na kile kishungi chake. Noti imechapwa kwa ajili ya nchi iliyo upande wa pili wa bara, kwenye bahari nyingine, na ndege unawajua kwa majina.

Mama yangu, bibi yake huyu mpwa, hana haja na mambo yangu ya noti. Huita "makaratasi yako." Lakini siku nilipomwonyesha dalasi 50 alivaa miwani. "Huyu ni hudhud," akasema, "yule aliyempelekea Nabii Suleiman habari za malkia wa Saba." Akaishika muda mrefu. Ndiyo noti pekee katika boksi langu aliyowahi kuuliza iko wapi.

Gambia ina ladha nyingine kwa anayependa historia. Mwaka 2015 Yahya Jammeh, rais wao wa wakati ule, aliwatoa wale watu wa kawaida akaweka sura yake. Aliondoka madarakani Januari 2017, na mwaka 2019 zikatoka noti zisizo na sura yake. Ndege walikuwepo kabla ya sura yake, wakakaa nayo, wakabaki ilipoondolewa. Kwa mkusanyaji hiyo maana yake ni seti tatu za nchi moja, zote za bei ndogo, na ukizilaza sambamba unaisoma siasa ya miaka ishirini bila kufungua kitabu.

Zambia ni kinyume kabisa. Ndege ni mmoja tu, furukombe, na yuko kwenye uso wa kila noti tangu mwaka 1992. Mgeuze upande wa pili utapata wanyama: simba kwenye 5, nungunungu kwenye 10, chui kwenye 50, nyati kwenye 100. Anayetaka ndege wengi atachoka haraka, kwa sababu noti sita ni tai yuleyule aliyebadilishiwa rangi. Anayetaka kujifunza kutazama, hapa ndipo shule: unaanza kuona tofauti ya matoleo, namba, saini, ule ukanda wa usalama. Mwaka 2013 walifuta sifuri tatu, kwa hiyo zipo noti za zamani zenye maelfu na za baadaye zenye makumi, zote na furukombe wake. Mwaka 2003 noti zao za 500 na 1,000 zilichapwa kwa plastiki, wakati Afrika nzima bado iko kwenye karatasi. Hizo mbili ziweke kando ukizikuta, ni rahisi na zinastahimili hewa yetu. Mwaka 2025 walitoa noti mpya tena, kwa hiyo za 2013 ndizo za kuwahi kabla hazijaadimika.

Kupatikana, Zambia ni rahisi kuliko Gambia. Mombasa hukosi mtu aliyerudi kutoka Lusaka. Aliyerudi kutoka Banjul, mji mkuu wa Gambia, nimekutana naye mmoja tu maishani. Hata hivyo ukiniuliza zipi, nakwambia Gambia, na sisiti.

Trinidad na New Zealand: za plastiki

New Zealand ndizo nzuri zaidi kwa macho, hilo halina ubishi. Dola 5 yao, ile aliyokuja nayo mpwa wangu, ilichaguliwa na jumuiya ya kimataifa ya wakusanya noti kuwa noti bora ya mwaka 2015. Baada ya pengwini kuna bata wa mito ya milimani kwenye 10, kozi kwenye 20, kōkako kwenye 50 na mohua, kijindege cha kichwa cha manjano, kwenye 100. Wote watano ni wa kwao, hutawakuta nchi nyingine. Rangi zinang'aa, na dirisha la plastiki linaruhusu mwanga upite. Tatizo ni lile jedwali: elfu kumi na nne kabla ya muuzaji kusema neno.

Njia ya katikati ni kuchukua 5 na 10 tu, ukaacha mlango wazi. Mimi nimefanya hivyo, na pengo la noti tatu linanitazama kila nikifungua boksi. Kuna watu wanaweza kuishi na pengo. Mimi siwezi, na nahisi mpwa wangu katoka upande wangu.

Trinidad wanakupa noti sita za plastiki kwa robo ya pesa hizo. Dola 1 kuna kwarara mwekundu, na hapo pana raha ya pekee: mweke sambamba na kwarara wa Gambia, ndugu wawili, mmoja kavaa kanzu, mwingine kavaa nguo ya arusi. Dola 5 ni motmoti, ndege wa mkia wenye vitufe viwili nchani. Dola 10 wana cocrico, ndege wa kufanana na kanga aliyekonda, na kwenye 20 wamo ndege wavumaji. Hawa wavumaji watu wetu huwachanganya na chozi kwa sababu wote hunywa maua, lakini wavumaji ni wa mabara ya Amerika peke yake, na huning'inia hewani mbele ya ua bila kutua. Kwenye 50 yuko ndege wa kichwa chekundu.

Noti ya 100 ina kisa. Ndege wake ni ndege wa peponi, na kwao ni upande wa New Guinea, nusu ya dunia kutoka Trinidad. Mwaka 1909 Mwingereza mmoja tajiri aliwaleta akawaachia katika kisiwa kidogo karibu na Tobago. Wakaishi miongo kadhaa, tufani ya 1963 ikawapunguza, na leo hawapo tena. Wamebaki kwenye noti kubwa kuliko zote nchini. Nikiitazama hukumbuka kunguru wetu wa Mombasa, naye aliletwa kutoka upande wa India, yeye akastawi mpaka akawafukuza wenyeji. Sijaona benki kuu inayomtaka.

Kwa anayeishi kando ya bahari, mwenye kipato cha kawaida, anayetaka seti iliyokamilika na isiyoharibika: Trinidad. New Zealand ni ya siku ukipata bonasi.

Kanada na Singapore: za wenye subira

Toleo la Kanada la 1986 ni karatasi nzuri kupita kiasi. Kila ndege yuko kwao, na ziwa au theluji nyuma yake: ndege wa kifua chekundu kwenye 2, mdiria kwenye 5, koho kwenye 10, mzamiaji wa maziwa kwenye 20, bundi mweupe kwenye 50, bata bukini kwenye 100. Ipo na ya 1,000, na hiyo iache. Koho ni jamaa wa dunia nzima. Miezi ya baridi ya Ulaya huja mpaka hori la Mida kule Watamu.

Singapore wana noti tisa, kuanzia buabua wa dola 1 hadi tai wa baharini wa dola 10,000. Ndani yake mna shore kwenye 5, mdiria kwenye 10, chozi kwenye 20 na kerem kwenye 100. Kwa mtu wa Pwani hawa si wageni, maana jamaa zao wapo huku.

Tofauti inayogusa mfuko ni hii. Noti za Singapore bado ni pesa halali kwao, hata za 1976, kwa hiyo hakuna muuzaji mwenye akili atakayekuuzia chini ya thamani iliyoandikwa. Kanada nao walitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 noti ya 2 na ya 1,000 si pesa halali tena, ila 5 hadi 100 zinaendelea. Matokeo yake ile dola 2, ambayo waliibadilisha kwa sarafu tangu mwaka 1996, unaweza kuipata kwa bei ya kueleweka, nayo ni ndege mzuri kuliko bei yake. Ukitaka kuonja toleo hilo bila kuuza baiskeli, anza na hiyo, kisha ile ya mdiria.

Onyo kwa hizi za zamani. Niliagiza dola 20 ya Kanada kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeapa ni mpya. Ikafika imenyooka, safi, inavutia. Nikapitisha ukucha: hakuna kitu, laini kama kanzu iliyotoka kwa dobi. Ilikuwa imeoshwa na kupigwa pasi, mchoro wote umelala. Siku hizi kabla ya kulipa naomba picha ya noti ikiwa imeinamishwa pembeni ya taa, si ya mbele. Mikunjo ya zamani hujificha mbele, hujitokeza pembeni. Muuzaji anayekataa picha hiyo ameshakujibu.

Suriname, isiyo na jumla

Sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu haibadilishiki kuwa chochote. Mwaka 2000 Suriname walitoa noti tisa za gulden, kila moja na ndege wake na ua upande wa pili. Mwaka 2004 wakahamia dola yao mpya, gulden 1,000 kwa dola 1. Ile gulden 5 yenye kigong'ota ikawa nusu senti. Kwa sababu hiyo noti ndogo za seti hii, kuanzia 5 mpaka 500, ndizo bei poa kuliko karibu zote nilizowahi kununua, na nyingi bado ni mpya kabisa. Bei inapanda ghafla ukifika 10,000 na 25,000, na wengi huishia njiani hapo.

Ile ya 25,000 ina bundi mwenye miwani. Niliihangaikia miezi saba. Siku ilipofika mama yangu aliona, akageuza uso: "Huyo asilale humu ndani." Nikafikiri ni mzaha. Hakuwa na mzaha. Nilimweka ofisini wiki tatu, na yule wa dola 50 ya Kanada ikabidi naye ahame. Kama nyumbani kwenu bundi hatajwi usiku, hesabu hilo kabla hujalipa.

Zilizobaki kwa haraka

Argentina: noti ya peso 1,000 ya mwaka 2017 ina hornero, ndege anayejenga kiota cha udongo kama tanuri. Ilipotoka ilikuwa zaidi ya dola 50 za Marekani. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa kama dola moja. Venezuela nao, toleo lililotoka 2008 lina tai mkubwa wa msituni kwenye 10 na kijindege chekundu kwenye 100, na mfumuko wa bei umezifanya ziuzwe kama njugu. Nunua moja moja za kujazia bahasha, ili posta ilipe.

Zimbabwe, ndege wao wa jiwe, niache. Ile ya trilioni 100 kila mtu anaitaka, na kwa sababu hiyo feki ni nyingi.

Uganda hununui. Korongo taji anajitokeza ukiinua noti kwenye mwanga, na madereva wa malori wanaoshusha mizigo bandarini watakupa ya 1,000 kwa soda moja.

Na Kenya? Watu huniuliza hilo kuliko lolote. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Nafasi ikawa wazi. Sarafu za 2018 zikapewa twiga, kifaru, simba na tembo. Ndege wetu akabaki yule jogoo wa nembo ya taifa aliyeshika shoka. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo juu njia ya Malindi, una ndege ambao mzungu hupanda ndege kuja kuwatafuta, na hakuna aliyewafikiria. Nasema kwa uchungu wa mtu wa Mombasa: jina la mji huu liliandikwa kwenye sarafu mwaka 1888, Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli.

Elfu tano ya mpwa wangu

Tulikaa mpaka adhana ya Isha tukipiga hesabu. Alitaka New Zealand, kwa sababu ya pengwini wake, nami nikamwonyesha jumla. Akahamia Singapore, nikamwonyesha jumla tena na ile dola 1 yangu iliyobanduka. Mwisho tukaandika hivi kwenye nyuma ya risiti: Gambia ya 1996 nzima kwanza, Suriname 5 hadi 500, na mifuko migumu ya poliesta isiyopungua ishirini. Kilichobaki ni mwanzo wa Trinidad, dola 1, 5 na 10, akamalizie mwisho wa mwezi.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, bibi yake akamwita kutoka ndani.

"Ukimpata yule hudhud wako, mlete nimwone. Huyu wa mjomba wako kashachakaa."

Haijachakaa. Ni mpya, UNC, sijawahi kuigusa bila kuosha mikono. Lakini nilinyamaza, nikamwongezea kijana mia mbili ya posta.